Mpima Ardhi Aliyerudi Peke Yake

Huko kwenye Delta ya mto Nile, mapema miaka ya 1760, mkulima mmoja alisogea kumtazama mgeni aliyekuwa amesimamisha chombo cha kupimia karibu na kijiji. Akaruhusiwa kuchungulia. Alichokiona kilimtoa jasho: kijiji chake kizima kimepinduka, mapaa chini, misingi juu. Mtumishi wa mgeni, mtu wa mizaha, akamweleza kwamba serikali imechukizwa na watu wa hapa, ndiyo maana imemtuma bwana huyu aje akipindue. Mkulima hakubishana. Aliomba asubiriwe kidogo tu, amtoe mkewe na ng'ombe wake, kisha akatimka mbio kwenda nyumbani.

Mgeni huyo ndiye aliyekisimulia kisa hiki mwenyewe. Aliitwa Carsten Niebuhr, na chombo chake kilikuwa na darubini ya kutazamia nyota, zile ambazo lenzi zake hugeuza kila kitu juu chini. Mtazama nyota halimsumbui hilo, maana nyota haina kichwa wala miguu. Lakini huko Alexandria jambo hilo lilishamletea balaa: mfanyabiashara mmoja alichungulia akauona mnara umesimama kichwa chini, na uvumi ukaenea kwamba kuna Mzungu amekuja kuupindua mji. Ikafika hadi nyumba ya gavana. Askari aliyekuwa akimsindikiza akagoma kutoka naye kila alipokibeba chombo kile.

Mimi nilimfikia Niebuhr kwa njia ya shamba. Babu yangu alituachia minazi nje kidogo ya Tanga, pamoja na ugomvi wa mpaka. Jirani alisema mpaka ni mkorosho, sisi tukasema mpaka ni jiwe. Mkorosho ulishakatwa kuni, na jiwe kila mtu alikuwa na lake. Mwisho akaletwa mpima kutoka mjini, akaweka miguu mitatu ya chombo chake chini ya mnazi, wazee wakakaa kumtazama kama wanavyomtazama mganga. Akapiga bikoni nne akaondoka. Hakuna aliyeridhika, lakini hakuna aliyebisha tena. Kwa hiyo niliposoma jinsi Niebuhr alivyoingia kwenye kazi ya upimaji, nilicheka peke yangu chumbani.

Alizaliwa tarehe 17 Machi 1733 katika kijiji cha Lüdingworth, kwenye nchi tambarare ya Hadeln karibu na mdomo wa mto Elbe, kaskazini mwa Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima huru. Wazazi wake walikufa angali mdogo, na masomo yake yakakatika njiani. Ujana wake aliutumia shambani. Akiwa na miaka ishirini na kitu ikazuka kesi huko Hadeln juu ya ukubwa wa shamba fulani, na ilipotafutwa mtu wa kulipima, nchi nzima haikuwa naye. Ikabidi aletwe mgeni. Niebuhr aliona ni aibu kwa kwao. Akachukua kidogo alichorithi akaenda Hamburg kujifunza hisabati, amekaa darasani na vijana wadogo kuliko yeye, na mwaka 1757 akafika chuo kikuu cha Göttingen. Hakuwa na ndoto ya Arabuni. Alitaka arudi kijijini awe mpima.

Göttingen ndiko kulikokuwa na Tobias Mayer, na hapa sina budi kukaa kidogo, maana bila Mayer hakuna Niebuhr.

Mayer alizaliwa 1723, akawa yatima mapema, na hisabati alijifunza zaidi kwa kusoma mwenyewe. Mwaka 1746 alipata kazi Nuremberg kwenye kampuni ya Homann. Mwanzilishi wake, Johann Baptist Homann, alikuwa ameshafariki tangu 1724, lakini kampuni ilikuwa bado ndiyo kubwa Ujerumani kwa kuuza ramani zilizopakwa rangi. Mchora ramani wa zama zile mara nyingi hakusafiri. Alikaa mezani, akakusanya ramani za wenzake na barua za mabaharia, akazipatanisha. Kosa la mmoja likawa kosa la wote, likanakiliwa miaka hamsini. Mwaka 1750 Mayer alitoa ramani ya Ujerumani aliyoiita Mappa Critica. Kwenye karatasi moja alichora nchi kama vipimo vilivyokuwapo vinavyoonyesha, na juu yake akapitisha mistari ya ramani za waliomtangulia, ikiwemo ya Homann mwenyewe, ili kila mtu aone zilivyopishana. Fikiria umeajiriwa kiwandani, halafu unachapisha ushahidi kwamba bidhaa ya kiwanda imekosewa. Na kampuni ikaiuza!

Shida ilikuwa longitudo. Latitudo ni rahisi: pima urefu wa jua adhuhuri au wa nyota ya kaskazini usiku, umeshajua uko umbali gani kutoka ikweta. Ya mashariki na magharibi inahitaji saa. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, kwa hiyo ukijua saa ya hapa ulipo na saa ya mji fulani wakati huohuo, tofauti yake ndiyo longitudo yako. Ila saa za zama zile zilipoteza majira zikitikiswa baharini au kwenye mgongo wa ngamia. Mayer akatumia mwezi. Mwezi hutembea kati ya nyota kama nusu digrii kwa saa, karibu upana wake mwenyewe, kama mkono wa saa kwenye uso wa mbingu. Mtu akiwa na majedwali yanayotabiri mwezi utakuwa umbali gani na nyota fulani, kwa saa ya mji fulani, anaweza kupima umbali huo popote alipo na kujua kwao ni saa ngapi. Kazi yake ni ngumu, maana ukikosea dakika moja tu ya digrii kwenye kupima, longitudo yako huyumba nusu digrii nzima, ambayo karibu na ikweta ni zaidi ya kilomita 50. Mayer ndiye aliyeyatengeneza majedwali yaliyofaa kwa kazi hiyo, na ndiye aliyemfundisha Niebuhr kuyatumia, kwa mwaka na nusu hivi, mwalimu na mwanafunzi mmoja. Kwadranti, yaani chombo cha kupimia urefu wa nyota angani, ambayo Niebuhr alikwenda nayo, Mayer aliichonga alama zake kwa mkono wake.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la mtu mwingine. Profesa Johann David Michaelis, bingwa wa Kiebrania hapohapo Göttingen, aliamini kwamba Biblia itaeleweka vizuri zaidi watu wakienda Yemen kuona mimea, wanyama na desturi za huko. Mfalme Frederik wa Tano wa Denmark akakubali kulipa. Mwalimu wa hisabati, Kästner, akamuuliza Niebuhr kama angependa kwenda Arabuni. Kwa nini nisiende, akajibu, ikiwa yupo wa kulipa gharama.

Waliondoka Copenhagen Januari 1761, watu sita. Frederik Christian von Haven, Mdenmark, mtaalamu wa lugha. Peter Forsskål, Msweden, mwanafunzi wa Linnaeus, yule bingwa wa Kiswidi wa kuainisha mimea na wanyama; naye mwenyewe mtaalamu wa mimea na mtu mkaidi ajabu. Daktari Christian Carl Kramer. Mchoraji Georg Wilhelm Baurenfeind, yeye wa Nuremberg. Mtumishi Msweden aliyeitwa Berggren, aliyewahi kuwa askari wa farasi. Na mpima ardhi. Niebuhr alipewa nafasi ya kuitwa profesa akakataa, akisema hajasoma kiasi hicho. Akafanywa luteni wa uhandisi na kukabidhiwa mfuko wa fedha. Ukiniuliza mimi, kumpa mfuko ndilo jambo la busara kuliko yote waliyoyaamua Copenhagen, kwa sababu wasomi wale walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Walipofika Istanbul iligundulika kwamba von Haven amenunua sumu ya arseniki dukani. Wenzake wakamwandikia balozi barua za hofu. Kwa bahati haikutumika, lakini wazia kuendelea na safari ya miaka mbele, mnakula sinia moja, kila mmoja anajua kuna nini kwenye sanduku la mwenzake.

Misri walikaa karibu mwaka mzima. Niebuhr aliuchora mji wa Cairo mtaa kwa mtaa na kuupima mto hadi kwenye Delta. Kutoka Suez wakashuka Bahari ya Shamu hadi Jidda, na mwisho wa Desemba 1762 wakatia mguu Yemen, kwenye bandari ya Luhayya.

Gavana wa Luhayya aliitwa Amiri Farhan. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Afrika, aliyeletwa Arabuni akiwa mtoto akauzwa utumwani, akalelewa na kusomeshwa na bwana mkubwa hadi akapanda cheo. Niebuhr anamsifu kwa moyo wote: mstaarabu, mpole, mwenye kutaka kujua. Forsskål aliwaonyesha chawa kwenye hadubini. Mtumishi mmoja wa amiri akaapa kwamba chawa mkubwa namna ile hajapata kumwona. Huyo lazima ni chawa wa Kizungu. Jioni Niebuhr na Baurenfeind walipiga fidla, watu wa mji wakaja kusikiliza. Ukisoma kurasa hizo unasahau kabisa mambo ya arseniki.

Namna alivyoitengeneza ramani ya Yemen ndiyo inayonifanya niandike haya yote. Kwanza, yeye na wenzake wakavua nguo za Ulaya. Akakodi punda, akavaa kama Mwarabu wa hali ya chini, akatoka na mizigo michache. Mkononi dira ndogo, mfukoni saa. Aliona mwelekeo wa njia kwa dira, akahesabu hatua zinazokwenda kwa nusu saa, kisha akazidisha kwa muda wa safari. Kituoni akawauliza watu jina la mahali, na pale alipoweza akapata liandikwe kwa Kiarabu, ili lisije likavurugwa na masikio ya Mjerumani. Usiku wengine wakilala, yeye alitoka na kwadranti kupima nyota, na vipimo vile vya mbinguni ndivyo vilivyosahihisha hatua za mchana. Kwenye joto la Tihama, ile pwani kavu iliyo kama tanuri la mkate wa mofa, mtu anahesabu hatua za punda! Na alipokuwa hajafika, aliuliza waliofika, kisha akasema wazi kitabuni kwamba hili nimelisikia, sikuliona.

Alipita miji ya Bait al-Faqih na Zabid, akapanda milima ya kahawa wakati mibuni imechanua, akafika hadi Taizz. Ramani iliyotokana na safari hizo iliendelea kutegemewa kwa vizazi.

Mokha haikuwa na ukarimu wa Luhayya. Forodhani walifungua mitungi ya Forsskål ya samaki waliohifadhiwa, harufu ikajaa jengo zima. Walipofikia nyoka kwenye pombe, ukazuka uvumi kwamba Wazungu wamekuja kuwapa watu sumu. Vitu vyao vikatupwa nje. Mambo yalitengemaa baadaye, gavana alipojijeruhi mguu na kumhitaji daktari Kramer.

Kisha wakaanza kufa. Von Haven alifia Mokha, Mei 1763. Forsskål alifia Yarim, mji wa milimani, Julai mwaka huohuo, wakiwa njiani kwenda Sanaa. Haikuwa rahisi kupata wa kumbeba, na baada ya maziko wezi walilifukua jeneza wakidhani Wazungu huzikwa na mali. Waliobaki wakaendelea hadi kwa Imamu, mtawala wa Yemen, huko Sanaa, aliyewapokea vizuri na kumpa kila mmoja nguo kamili za Kiyemeni. Walirudi Mokha mbio kuwahi meli ya Kiingereza ya kwenda Bombay kabla kusi haijakwisha. Baurenfeind alifia baharini Agosti 29, Berggren akamfuata kwa siku moja au mbili. Kramer alijikokota hadi Bombay, akafa Februari 1764.

Msomaji wa pwani ameshajua kilichowaua. Homa za kupanda na kushuka, kutetemeka, jasho, nafuu ya siku mbili halafu tena: malaria. Wao walilaumu baridi ya usiku na vyakula, kwani habari ya mbu na malaria haikuthibitishwa hadi 1897. Niebuhr naye aliugua vibaya. Baadaye aliandika kwamba huenda wenzake walijiponza kwa kung'ang'ania kula na kuishi Kizungu, na kwamba yeye alipata afya alipoanza kula walichokula wenyeji. Sidhani kama mbu aliangalia sahani. Lakini naelewa kwa nini aliamini hivyo: mtu akibaki peke yake kati ya sita, hutafuta sababu.

Katika hali hiyo angeweza kupanda meli ya Ulaya akarudi. Hakufanya hivyo. Desemba 1764 aliondoka Bombay, na Januari 1765 akawa Muscat. Aliyetawala Oman alikuwa Imamu Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Al Busaidi, yuleyule ambaye mjukuu wake Seyyid Said alikuja kuhamishia makao yake Unguja. Niebuhr aliichora bandari na ngome zake, akavutiwa na jinsi Mabaniani walivyoachwa waishi kwa sheria zao na kuchoma maiti zao bila kubughudhiwa. Alikaa wiki chache tu. Nami kila nikifika hapo huweka kitabu chini. Januari! Kaskazi imeshika, majahazi yanatweka kuja kwetu. Angepata nahodha mmoja tu, angetia nanga Mombasa au Kilwa na kwadranti yake, tungekuwa na ramani ya pwani ya Waswahili ya mwaka 1765 iliyochorwa na mtu aliyeuliza majina. Yeye akapanda jahazi la kwenda Bushehr.

Siwezi kumlaumu, maana huko Uajemi alifanya kazi ambayo ndiyo iliyompa jina kubwa zaidi. Kwenye magofu ya Persepolis, mji wa kale wa wafalme wa Uajemi, alikaa zaidi ya wiki tatu akinakili maandishi ya kabari, yale ya kale yenye alama za umbo la kabari, yaliyochongwa ukutani, jua likimpiga usoni hadi macho yakavimba. Hakuna aliyejua kuyasoma. Yeye naye hakujifanya anajua. Alinakili tu alama kwa alama, kama anavyopima shamba, na akagundua kwamba ni mifumo mitatu tofauti, ule mwepesi zaidi ukiwa na alama 42. Mwaka 1802 mwalimu mmoja wa Göttingen, Georg Friedrich Grotefend, alianza kuyafumbua maandishi hayo kwa kutumia nakala za Niebuhr.

Kutoka hapo aliitwa Abdallah. Alipita Basra, Baghdad, Mosul, Aleppo, Kupro na Yerusalemu, akajiunga na misafara ya watu wa kawaida. Novemba 20, 1767 aliingia Copenhagen, takriban miaka saba baada ya kuondoka. Mfalme aliyewatuma alikuwa ameshafariki. Mayer naye alikufa tangu Februari 1762; inasimuliwa kwamba vipimo vya kwanza vya mwezi vilivyotumwa na mwanafunzi wake vilimfikia akiwa kitandani, naye akafurahi kwamba majedwali yake yanafanya kazi. Uingereza baadaye ilimpa mjane wake pauni 3,000.

Denmark haikumpigia ngoma. Alikaa akiandika, na mwaka 1772 akatoa maelezo yake ya Arabuni, kisha juzuu mbili za safari, 1774 na 1778, kwa sehemu akichomoa fedha mfukoni mwake. Alichapisha pia kazi za marehemu Forsskål, karatasi alizozibeba kote huko, kabla hata ya kumaliza zake. Ramani yake ya Bahari ya Shamu alikuwa ameshawaachia Waingereza wa Bombay nakala, na muda si mrefu meli zao zikaanza kuthubutu kwenda hadi Suez. Wenye bahari ile hawakuulizwa.

Aliwahi kupanga kusafiri ndani ya Afrika kupitia Tripoli. Badala yake akaoa, mwaka 1773, na mwaka 1778 akaomba kazi ya karani wa serikali huko Meldorf, mji mdogo kwenye nchi ya majimaji isiyo mbali sana na alikozaliwa. Kazi yenyewe ilikuwa madaftari, kodi na mashamba. Alipotakiwa kuingizwa kwenye daraja la makabaila, alikataa. Mwanawe Barthold Georg, aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri wa Roma, alikulia kwenye nyumba hiyo akifundishwa jiografia na baba aliyechora kila alichosema.

Yale macho yaliyochomwa na jua la Persepolis yalimalizika uzeeni. Alikaa kipofu miaka yake ya mwisho hadi alipofariki Aprili 26, 1815, mwenye miaka 82. Mwanawe ameandika kwamba mzee hakulalamika. Alisema akilala kitandani, vitu vyote vya mbele yake vikiwa vimefutika, hurudi kuona alivyoviona Mashariki, na zaidi ya vyote ile mbingu ya usiku, nyeusi na yenye kina, nyota zikiwaka, ambayo alizoea kuitazama kila jioni akiwa na kwadranti ya Mayer mkononi.